Mchele Uliokwisha Kuchambuliwa

Tangu Atupele, aliyepofuka ukubwani, afungwe kifaa cha kuonea kisogoni, nyumba yao pale Tukuyu ilijifunza kutotulia. Kifaa kilipeleka ubongoni kile kinachosogea tu. Wataalamu walisema ubongo haujisumbui na kisichobadilika. Basi migomba ilimjia vizuri upepo ukivuma, lakini ukuta, meza, hata mtu aliyekaa kimya, vyote vilififia vikawa ukungu.

Wageni waliingia wakipunga mikono. Mama yake, ambaye miguu ilishamkataa, alishinda kitini akichambua mchele. Ulikuwa mchele uleule wa tangu Pasaka, hauna hata punje ya jiwe. Vidole vilipocheza kwenye ungo, Atupele aliiona mikono, kisha khanga, kisha uso.

"Mama, pumzika basi," alimwambia asubuhi hiyo.

"Nikipumzika utanionaje?"

"Nitakusikia. Wewe pumzika tu."

Mama akaweka ungo chini. Uso ukaondoka polepole, ikafuata khanga, pakabaki ukungu. Atupele akaendelea kumenya ndizi, wakizungumza habari za mvua. Majibu ya mama yakawa mafupi, kisha akanyamaza. Kalala, Atupele alijiambia. Nje migomba ilicheza, kila jani likionekana wazi kabisa.

"Mama?"

Akaweka kisu. Akapapasa mpaka kitini, akaushika mkono wa mama yake, akautikisa taratibu. Uso ukamjia, umetulia kama wa mtu aliyesinzia, ila pumzi hakuisikia. Akaendelea kuutikisa ule mkono, akiogopa kuuachia.