Maji ya Ukaguzi

Mwenyekiti wa kamati ya Bunge alifungua bomba la mradi ambao fedha zake zilipitishwa kwenye bajeti ya mwaka juzi. Maji yakatoka. Watu wakapiga makofi.

Wegesa hakupiga. Shingo ilimuuma. Tangu alfajiri yeye na wanawake wenzake walikuwa wakijaza tangi kwa ndoo za maji ya mtoni, kwa amri ya mtendaji wa kijiji.

Mwenyekiti alikinga kiganja anywe. Kiluwiluwi kikadondokea humo, kikajipindapinda.

Makofi yakakoma.

"Mama, maji haya yanatoka tangu lini?" mwenyekiti akamuuliza Wegesa.

Mtendaji alimkodolea macho. Wegesa akagusa ngata kichwani, bado imelowa.

"Tangu tulipomaliza kuyabeba, mheshimiwa. Mkishakagua, tunaomba tuyateke turudi nayo nyumbani."