Kamba Tatu za Bi Mishi

Kila Ijumaa Bi Mishi, mfuaji wa timu ya chuo, huanika jezi za buluu kwenye kamba tatu: mabeki nyuma, viungo katikati, washambuliaji mbele. Ya kipa, ya njano, huitundika peke yake msumarini. Miaka tisa ya kufua jasho na tope ilimfundisha nani anakimbia na nani anajikokota. Kisha Kocha Lukindo huja na daftari, husimama mbele ya kamba, hulamba ncha ya penseli na kunakili namba moja moja. Mji mzima huamini anatafakari. Makombe sita, na picha yake kwa kila kinyozi! Debe tupu haliachi kuvuma.

Ijumaa hii, kesho ikiwa fainali, alikuja na mwandishi wa habari.

"Siri yako nini, Kocha?"

"Kichwa, bwana. Timu naipanga mwenyewe, sishauriwi na mtu." Hakumsalimu Bi Mishi. "Wewe mama, hebu toka hapo, unaharibu picha."

Bi Mishi akatoka. Walipokwenda kupiga picha golini, akarudi. Akaitungua jezi ya njano ya kipa, akaibana kwa vibanio viwili katikati ya kamba ya mbele. Ile namba tisa ya mfungaji akaitundika msumarini.

Kocha akarudi peke yake. Akaikodolea macho ile jezi ya njano, akakunja uso, akajikuna kidevu.

Kisha akalamba penseli.