Likizo ya Baba

Sheria inaagiza kila kompyuta ya nyumbani iseme kwa sauti ya marehemu wa nyumba hiyo. Yetu husema kwa sauti ya baba. "Umekula, Zuhra?" huniuliza, hata nikiwa natafuna.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, nilileta kutoka stoo ya shule kompyuta ya kale, nzito kama sanduku la bweni. Nikaiwekea mfumo endeshi wa bure, usiomjua marehemu yeyote, kisha nikaizima ile nyingine.

"Mbona kimya?" mama akauliza.

"Nimempa baba likizo."

Hakucheka. Alivuta kiti, akaandika kwa kidole kimoja: Tumekula, Baba Zuhra.

Kioo kikajibu: Amri haijulikani.

Akaandika tena, kwa herufi kubwa, kama anayemwita mtu aliye mbali.