Kola ya Nyuzi Tatu

Fundi cherehani alikuwa ameleta makoti ya mazoezi aliyoyashona upya, lakini hakuondoka. Alisimama mlangoni mwa ukumbi, akamwambia mwalimu kwamba naye anataka kujifunza.

"Wewe, dada? Karibu sana!" Mwalimu alicheka. "Haya, chagua: karate au judo? Anayeanza huwa namshauri karate. Ngumi mbili tatu tu, watu wanakuheshimu."

Fundi alichukua koti la karate, akalipapasa kwa kidole gumba. Jepesi. Akachukua la judo, akaivuta kola yake kwa mikono miwili, kwa nguvu zake zote. Mshono haukutikisika.

"Hili mbona zito hivi?"

"Kwenye judo unakabwa kola kila dakika. Koti jepesi lingechanika siku ya kwanza."

"Na ukishakabwa?"

"Hapo ndipo somo linapoanza, dada yangu."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Fundi aliushusha mtandio wake taratibu. Kola ya gauni lake ilikuwa imeshonwa, ikashonwa tena na tena, kwa nyuzi za rangi tatu, mishono midogo ya mtu anayeijua kazi yake.

"Basi nataka hilo."

Kicheko kilimwisha mwalimu. "Darasa la wanaoanza ni Jumamosi," alisema polepole.

Fundi aliitazama saa ya ukutani, akavua viatu, akavipanga vizuri kando ya mkeka.

"Jumamosi ni mbali, mwalimu. Mume wangu anatoka kazini saa kumi na moja."