Mpaka Kiwanda Kiseme

Siku hizi kifaa cha gari huhesabiwa kimechakaa pale tu kiwanda kinapotangaza. Fundi akikigusa kabla, anafungwa. Tusajigwe alikuwa fundi, na tairi la mbele la pikapu ya mumewe, Ambakisye, lilikuwa likicheza kama jino bovu.

"Boljointi inayoshika tairi imekwisha, Baba Lusajo. Usiteremke mlima nayo."

"Kiwanda kinasema ni nzima. Na viazi nilivyopakia vitaoza."

"Kwani kiwanda ndicho kitakachokuzika?" alifoka. Akachukua nyundo, akaipiga boljointi kwa hasira mpaka ikachomoka na tairi likalala ubavu.

Ambakisye hakumzuia. Alipomaliza, akaushika mkono wake.

Ndani ya gari, sauti ya kiwanda ikasema kwa upole, "Gari lilikuwa zima. Mama Lusajo, tafadhali usiondoke hapo ulipo."