Chai ya Aliyelowa

Mjane alirudi kwenye ile hoteli ya kifahari ya mbugani, kando ya mto alimozama mumewe mwaka uliopita, maiti yake isionekane. Asubuhi, mhudumu aliyeajiriwa majuzi alimletea chai barazani, na vikombe viwili.

"Mbona viwili, mwanangu? Niko peke yangu."

"Na mzee je, mama? Nimemkuta ngazini, kalowa chapachapa. Kasema nitangulie, anakuja."

Mjane alitazama mbao za sakafu. Nyayo zenye maji zilipanda kutoka mtoni, ule wa kushoto ukiwa hauna kidole cha mwisho, kama wa mumewe. Zilikomea nyuma ya kiti chake.

Hakugeuka. Alivuta kiti cha pili.

"Kaa basi," alisema. "Chai inapoa."