Fumba la Kushoto

Muuza nyama aliishika bunduki ya upepo kama anavyoshika paja la ng'ombe, na mtutu ukamwangalia mwenye duka kitovuni.

"Geuzia huko, bwana," mwenye duka alisema, akiusukuma kwa kidole kimoja. "Nimezoea kuua, sijazoea kufa."

Mtaa mzima ulimwita mwenye duka huyu Shabaha, jina alilojipa mwenyewe. Alikuwa mtu wa kucheka, mwenye mkia wa sungura kwenye pete ya funguo, na kila alichokiua alikisimulia mara mbili. Leo furaha ilimzidi. Bucha la jirani yake lilikuwa limefungwa siku kumi na moja, na sasa jirani mwenyewe kaingia, karudisha mlango taratibu nyuma yake, kasema anataka bunduki yake ya kwanza. Miaka minne Shabaha alikuwa akimwinda mteja huyu.

"Kumbe upo. Paka wamekaa matanga mlangoni kwako."

"Nilikuwa hospitali. Mtoto."

"Pole, jirani. Homa?"

"Ana nafuu." Muuza nyama aliitazama bunduki, si mtu. "Nataka ya kupigia mnyama mdogo. Kaniumiza nyumbani. Nitampata mara moja tu, kwa hiyo nisikose."

"Mchinja ng'ombe kashindwa na panya." Shabaha alicheka peke yake, kisha akapanga tatu juu ya kaunta. "Hii ya milimita nne na nusu ni ya kutoboa karatasi, inakwenda mbio. Ile nzito itakuvunja bega. Chukua hii ya tano na nusu, ya springi. Unakunja mtutu, unatia risasi, unarudisha. Inapiga kama nyundo. Sungura hapati hata nafasi ya kupiga chafya."

"Umbali gani?"

"Mita ishirini unaua. Mita tano, hata kipofu."

Uani, nyuma ya duka, makopo yalikuwa yamepangwa juu ya ubao. Risasi ya kwanza ya muuza nyama ilibandua lipu.

"Ukuta umekufa, Mungu auweke pema," Shabaha alisema. "Kitako begani, si kifuani. Fumba la kushoto. Vuta pumzi, toa nusu, ibane. Triga usiikwanyue, ikamue."

Ya tatu ilitoboa kopo la rangi, na masalia mekundu yakatiririka ubaoni. Ya nne ilipita tundu lile lile.

"Mkono wa kisu huo. Nyama imekuchelewesha tu."

Waliporudi kaunta, Shabaha alimwaga risasi kiganjani. Za kichwa bapa ni za karatasi, za duara ni za mawindo. Muuza nyama alionyesha kikopo kilichokuwa karibu na kiwiko chake.

"Na hizo?"

"Hizo siuzi. Zangu." Akashusha sauti kama anayetoa siri ya mapishi. "Kila jioni nakaa na wembe, nazichanja msalaba kichwani, moja moja. Ikigonga nyama inafunguka kama ua, petali nne. Njiwa anabaki manyoya."

"Nani mwingine anachanja hivi?"

"Hapa? Hakuna. Wengine hawana subira, wengine wana huruma."

"Na hukosi?"

"Mwezi huu, mmoja. Njiwa, juu ya ukuta wa shule. Nilimkosa kwa unyoya, nikasikia paka akilia ng'ambo. Nikasema si haba, sikurudi mikono mitupu."

Muuza nyama hakucheka. Aliomba ajaribu moja ya zile.

Mteja ni mfalme. Shabaha mwenyewe aliukunja mtutu, akaitia risasi ya msalaba, akaurudisha ukalia *ta*. "Zawadi ya jirani. Mpige nayo huyo mnyama wako."

"Asante," muuza nyama alisema, akiipokea bunduki.

Muuza nyama alitoa kiberiti mfuko wa shati, akakisukuma kwa dole gumba hadi kikafunguka. Juu ya pamba palikuwa na kipande cha risasi, kimefunguka petali nne.

"Daktari aliitoa siku ya pili," alisema. "Binti yangu alikuwa anaruka kamba."

Shabaha aligeuka kutazama mlango. Komeo lilikuwa limeingia, na kibao cha *Karibu* kilimtazama yeye, si mtaa.

"Jirani," alisema. "Jirani, mimi nilijua ni paka."

Muuza nyama alirudi nyuma hatua tatu, mpaka mgongo ukagusa mlango. Akaweka kitako begani, si kifuani. Akavuta pumzi, akatoa nusu, akaibana.

"Jicho lake lililotoboka ni la kushoto," alisema, na akafumba la kwake.